Rodi Peke Yake Haitoshi: Mabishano ya Ethi ya Sola za Uani, Mbuya

Kwenye mteremko wa Mbuya unaotazama bonde la Kinawataka, kuna paneli za sola zinazoshuka kutoka paani kuja uani. Sababu zinaeleweka. Bati limechoka, au paa limefunikwa na mwembe wa jirani, au mpangaji hana ruhusa ya kutoboa vigae vya mwenye nyumba. Basi fundi wa kuchomelea anaunganisha mabomba ya mraba ya chuma, miguu inasimikwa kwenye zege, na paneli nane zinalazwa juu yake karibu bapa. Kampala iko jirani kabisa na ikweta, kwa hiyo mwinamo wa nyuzi kumi unatosha kuteremsha vumbi mvua inaponyesha. Kazi inakwenda vizuri mpaka siku ya mwisho, pale mtu anapouliza: na ethi je?

Hapo majibu huanza kugongana. Fundi wa kwanza atasema pigilia rodi palepale chini ya paneli, yameisha. Wa pili atakukataza usiguse kitu, kwa maana ukiweka ethi umeialika radi. Wa tatu atataka waya uvutwe mpaka kwenye ethi ya nyumba. Wote watatu wamekwisha kufunga sola nyingi, na zote zinawaka. Hiki ndicho kinachofanya ubishi usiishe: mfumo wenye ethi mbovu hutoa umeme sawasawa na wenye ethi nzuri. Tofauti yake husubiri siku waya utakapochubuka, au siku radi itakapopiga karibu.

Swali hili limepata uzito tangu mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme ulipomalizika tarehe 31 Machi 2025 na usambazaji ukarudi mikononi mwa UEDCL, kampuni ya serikali. Malalamiko ya umeme kukatika yalisikika, na wenye uwezo wakaongeza paneli na betri. Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, hutoa vibali kwa mafundi wa nyaya, lakini mkono unaochomelea fremu uani mara nyingi si ule wenye kibali, na hakuna mtu anayesimama katikati yao kuuliza chuma hiki chote kimeungwa na nini.

Neno moja, kazi tatu

Mbuya ni kilima cha wanajeshi. Wizara ya Ulinzi na hospitali ya jeshi ziko hapo, na Kiswahili husikika kuliko sehemu nyingi za Kampala. Lakini anayesema Kiswahili na anayesema Kiganda, wote wakifika kwenye waya wa kijani na njano husema "ethi". Neno hilo moja limebebeshwa kazi tatu tofauti, na kila fundi anayebishana huwa na moja tu kichwani.

Kazi ya kwanza ni kumlinda mtu. Waya wenye umeme ukichubuka na kugusa fremu, lazima kuwe na njia nzuri ya kuurudisha mkondo ulikotoka, ili breka au swichi ya usalama ikate. Kazi ya pili ni kupunguza madhara ya radi na mawimbi ya ghafla ya volti yanayokuja nayo. Ya tatu ni kuunga nguzo moja ya umeme wenyewe, kwa mfano hasi ya paneli au ya betri, na ardhi, kwa sababu ya namna mfumo ulivyobuniwa.

Hii ya tatu tuimalize hapahapa. Inveta nyingi za bei nafuu zinazouzwa sasa hazina transfoma ndani yake. Kwenye inveta ya aina hiyo, kuunga hasi ya paneli na ardhi ni kuiua. Mafundi waliojifunzia kwenye mifumo ya zamani ya volti 12 wakati mwingine hufanya hivyo kwa mazoea. Kinachopelekwa ardhini ni fremu na vyuma vinavyoishikilia. Nyaya za umeme haziguswi, isipokuwa kitabu cha inveta kiseme hivyo waziwazi.

Udongo wenyewe

Vilima vya Kampala vina tabia moja. Juu kuna moramu, ule udongo mwekundu wenye mawe ya chuma, mgumu na unaopitisha maji haraka. Katikati ya mteremko udongo wa mfinyanzi huongezeka, na chini kabisa kuna kinamasi. Umeme hupita kwa urahisi kwenye udongo wenye unyevu na mfinyanzi, na kwa taabu kwenye moramu kavu. Kwa hiyo rodi ileile, iliyonunuliwa duka lilelile, inaweza kuwa nzuri kwa anayeishi karibu na Kinawataka na kuwa pambo kwa anayeishi kileleni.

Tupige hesabu. Rodi ya mita 1.2 yenye unene wa milimita 16, kwenye udongo mzuri wa omu-mita 100, hutoa ukinzani wa karibu omu 72. Kwenye udongo mkavu wa omu-mita 1,000 rodi hiyohiyo hutoa omu 720 hivi. Ukiongeza urefu mpaka mita 2.4 kwenye udongo ule mzuri, unashuka hadi omu 40. Urefu umekuwa maradufu, lakini ukinzani haukufika nusu. Wengine huchimba shimo wakajaza chumvi na mkaa. Dawa hiyo hufanya kazi kwa muda, kisha mvua za Machi hadi Mei huisomba chumvi, na ile iliyobaki huila rodi.

Halafu kuna kipimo cha balbu. Fundi huunga balbu kati ya laini ya umeme na rodi. Ikiwaka, anatangaza ethi ni nzuri. Balbu ya zamani ya wati 100 ina ukinzani wa karibu omu 576 ikiwa imewaka. Iweke kwenye rodi ya omu 200, nayo itapata volti 178 kati ya 240 na kung'aa vya kutosha kumridhisha yeyote. Balbu ya LED ya wati 9 ni mbaya zaidi, maana mkondo wake ni mdogo sana hivi kwamba hata rodi ya omu 1,000 itaiwasha bila shida. Kipimo hicho huthibitisha tu kwamba rodi imegusa ardhi, jambo ambalo macho yangeweza kuona. Na kina hatari yake, kwa kuwa wakati wa kupima rodi yenyewe ina umeme.

Hoja ya rodi palepale

Nguvu ya hoja hii ni wepesi wake. Rodi moja, kibano kimoja, waya wa mita moja, na kazi imekwisha kabla ya chai. Tena inaonekana: mwenye nyumba anakiona kichwa cha shaba kimechomoza vidole viwili juu ya ardhi na moyo wake unatulia.

Udhaifu wake uko kwenye hesabu tuliyokwisha kupiga. Tuseme waya wa volti 240 umegusa fremu, na njia pekee ya kurudi ni kupitia rodi ya omu 72. Mkondo utakaopita ni ampea tatu na kidogo. Breka ya ampea 20 haitashtuka. Kwake huo ni mzigo wa kawaida, kama pasi ndogo. Fremu itabaki na umeme mchana na usiku, na mtoto atakayeshika mguu wa chuma akiwa peku kwenye nyasi zenye maji ndiye atakayekuwa njia nyingine ya mkondo. Rodi haikumlinda. Kanuni za umeme za Marekani, zinazoruhusu rodi ya ziada mahali kama hapa, zinakataza waziwazi ardhi yenyewe kutegemewa kama njia ya kurudishia mkondo wa hitilafu.

Swichi ya kukata umeme unaovuja, ile inayoitwa RCD, hubadili mambo. RCD ya miliampea 30 haihitaji mkondo mkubwa. Kwa kikomo cha volti 50 za kugusika, kinadharia inaridhika hata na omu 1,667. Anayetetea rodi hapa ana hoja ya kweli. Lakini RCD inalinda upande wa umeme wa nyumba tu, na uani zipo nyaya za umeme wa moja kwa moja. Paneli nane za kisasa zilizofuatana huweza kufika karibu volti 400, na jua likiwa limewaka hakuna swichi ya kulizima.

Hoja ya kuacha paneli zielee

Wanaosema usiweke ethi kabisa hawastahili kuchekwa. Paneli na nyaya zake hutengenezwa zikiwa na insulesheni maradufu, na kwa mfumo mdogo wa paneli mbili zinazochaji betri ya volti 24, hakuna volti za kumuua mtu kwenye fremu hata insulesheni ikiharibika. Kwa mfumo huo wako sahihi.

Wanakosea pale wanapoipeleka hoja hiyo kwenye mfumo mkubwa wenye inveta isiyo na transfoma. Paneli ni kioo, tabaka la seli na fremu ya alumini; kwa umbo lake ni kapasita kubwa iliyolazwa juani. Inveta ya aina hiyo hufanya volti za paneli zipande na kushuka kwa kufuata umeme wa nyumba, na mkondo mdogo huvuja kupitia kioo kwenda kwenye fremu. Mvua ikilowesha kioo, mvujo huongezeka. Fremu isiyoungwa mahali popote hukupa ule mchonyoto wa vidoleni ambao watu huuita "umeme mdogo". Zaidi ya hayo, inveta nyingi za kisasa hupima kila asubuhi kama nyaya za paneli zimegusana na ardhi, nazo hazina njia nzuri ya kujua ikiwa fremu haijaungwa nazo.

Na dai la kwamba ethi huita radi? Hapa kuna kichekesho kidogo. Miguu ya chuma ya paneli za uani imezikwa kwenye zege, na zege lililo ardhini hushika unyevu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mhandisi Herbert Ufer alikuwa akitafuta ethi kwa maghala ya mabomu ya jeshi la Marekani huko Arizona, jangwa ambako rodi hazikufaa kitu. Aligundua kwamba chuma kilichozikwa ndani ya zege la msingi hufanya kazi vizuri kuliko rodi. Anayesimika miguu ya chuma isiyopakwa rangi ndani ya zege uani Mbuya amekwisha kuweka ethi, apende asipende. Paneli zake hazielei. Kinachokosekana ni waya wa kuiunga ethi hiyo na ile ya nyumba.

Hoja ya waya kurudi nyumbani

Fundi wa tatu ndiye aliyeshika kiini. Akiunga fremu zote, na fremu na miguu, kisha waya mmoja wa shaba ukafuata nyaya za paneli mpaka kwenye inveta na ethi kuu ya nyumba, basi mtu anayeshika fremu kwa mkono mmoja na boksi la inveta kwa mwingine hakuti tofauti kubwa ya volti. Mkondo wa hitilafu nao unapata njia ya shaba, wala haulazimiki kuhangaika kwenye moramu.

Kazi hii huharibikia kwenye vitu vidogo. Fremu ya alumini imepakwa utando mgumu wa oksidi usiopitisha umeme. Ukikaza boliti ya kawaida juu yake, waya umeshikwa vizuri kwa macho lakini haujagusa chuma. Zinatakiwa washa zenye meno, zinazokwaruza utando ule hadi kwenye alumini tupu, au klipu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Halafu shaba tupu haipatani na alumini: zikikaa pamoja kwenye unyevu, alumini huliwa, na ndani ya misimu michache kiungo kinakuwa unga mweupe. Kichwa cha waya kiwe cha shaba iliyopakwa bati, na boliti iwe ya chuma kisichoshika kutu.

Hoja hii ina udhaifu wa aina mbili. Wa kwanza ni wizi. Mita 30 za waya wa shaba ni pesa kwa anayekusanya vyuma chakavu, na sheria ya umeme iliyorekebishwa mwaka 2022 kuongeza adhabu kwa waharibifu haiwezi kulinda ua wako usiku. Waya ukiibwa, mfumo unaendelea kuwaka na hakuna anayejua. Kuuzika kwenye mtaro wa nusu mita husaidia kuliko kuupitisha ukutani.

Udhaifu wa pili ni wa kitaalamu, na Uingereza umezua mjadala mrefu. Kama ethi ya nyumba imeungwa na nyutro ya mtandao, na nyutro hiyo ikakatika barabarani, volti za mtandao zinaweza kutokea kwenye kila chuma chenye ethi, zikiwamo fremu zilizosimama kwenye udongo ambako watu hupita bila viatu. Kwa nyumba yenye rodi yake yenyewe isiyoungwa na nyutro, hatari hii si kubwa. Hivyo kabla ya kuvuta waya mpaka uani, fundi afungue boksi chini ya mita ya Yaka, ile ya malipo ya kabla, aone ethi ya nyumba inatoka wapi. Ni kazi ya dakika kumi ambayo wachache huifanya.

Radi ina hesabu yake

Mpaka hapa waya umeishinda rodi. Kwa radi mambo hayanyooki hivyo, na Uganda si mahali pa kuipuuza. Tororo ilirekodiwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka kati ya 1967 na 1976, na Kampala, ikiwa kando ya Ziwa Viktoria, haiko mbali na hali hiyo. Mwezi Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika Shule ya Msingi Runyanya, Kiryandongo. Baadaye mtandao wa ACLENet, wenye makao yake Kampala, ukaanza kufunga kinga za radi mashuleni, ikiwamo Runyanya. Waganda wa kale waliipa radi mungu wake, Kiwanuka. Leo utamkuta mtu aitwaye Kiwanuka akiuza spea za magari, lakini hofu yenyewe haijaondoka.

Kwanza tukubali kwamba hakuna rodi wala waya wa uani utakaookoa inveta radi ikipiga paneli moja kwa moja. Kinachoweza kuzuiwa ni madhara ya radi iliyopiga jirani. Na hapa hata waya mzuri una kasoro. Kila mita ya waya hupinga mabadiliko ya ghafla ya mkondo. Ikiwa sehemu tu ya radi, tuseme kiloampea moja kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde, itapita kwenye waya wa mita 20, kati ya ncha zake kutatokea volti 20,000 hivi. Kwa kasi ya radi, ncha mbili za waya mmoja si mahali pamoja.

Ndiyo maana baadhi ya mafundi wa Marekani hupinga rodi ya ziada kwenye paneli hata ikiwa imeungwa na nyumba. Wanasema unaipa radi mlango wa kuingilia uani na wa kutokea nyumbani, inveta ikiwa katikati. Hoja hiyo ina mantiki, ila inasahau miguu ile ya Ufer: mlango ulishafunguliwa siku zege lilipomwagwa. Lililo baya kuliko yote ni rodi mbili zisizounganishwa, moja uani na moja nyumbani. Radi ikipiga karibu, ardhi ya uani hupanda volti kuliko ardhi ya nyumba, na kitu pekee kinachounganisha sehemu hizo mbili ni nyaya za paneli zinazoingia kwenye inveta. Anayepigilia rodi ya pili bila waya ameandaa hali hii kwa mikono yake.

Tiba yake ni vifaa vya kumeza mawimbi ya volti, ambavyo mafundi huviita SPD. Mwongozo wa kimataifa ni kwamba umbali kati ya paneli na inveta ukizidi mita 10, viwekwe ncha zote mbili. Jambo jingine halina gharama kabisa: nyaya za chanya, hasi na ethi zipite pamoja, mtaro mmoja, zikigusana. Radi hupandikiza volti kulingana na ukubwa wa eneo lililozungukwa na nyaya. Chanya ikipita ukutani na hasi ikipita uani, umetengeneza kitanzi cha kuidaka radi.

Gridi inapokatika

Hitilafu moja iko mbali na paneli lakini huharibu kila kitu tulichosema. Nyutro ya UEDCL imeungwa na ardhi huko kwenye transfoma. Gridi ikikatika na inveta ikajitenga nayo, nyutro ya nyumba inabaki haina uhusiano na ardhi. Waya ukigusa fremu wakati huo, hakuna mkondo wa kutosha unaorudi, na RCD inakaa kimya. Kinga inapotea saa ileile nyumba inapotegemea inveta. Inveta nyingi zina swichi ya ndani inayounga nyutro na ethi wakati wa kukatika na kuachia gridi inaporudi, lakini mara nyingi lazima ichaguliwe kwenye mipangilio. Mtu anaweza kuwa na rodi tatu na waya mnene, na kipengele hicho kikawa kimezimwa tangu siku ya kununua.

Pesa iende wapi kwanza

Kwa mwenye bajeti ndogo, na Mbuya wengi wanaojijengea ndio hao, ningeanza na waya wa ethi wa kutoka fremu mpaka nyumbani, usiopungua milimita 6 za mraba, pamoja na washa zenye meno kwenye kila paneli. Kama nyumba ina kinga ya radi juu ya paa, waya huo uwe milimita 16 za mraba. Pili, RCD, na uhakika kwamba nyutro inaungwa na ethi gridi ikikatika. Tatu, SPD ncha mbili. Rodi ya uani inakuja mwisho, na ina maana zaidi pale ambapo fremu imesimama kwenye matofali tu, bila miguu ya zege. Ikiwekwa, iungwe na waya ule wa kurudi nyumbani. Isipoungwa, bora isiwepo.

Na rodi ya nyumba ipimwe kwa mita ya kupimia ukinzani wa ardhi, balbu ikae kabatini. Kipimo kichukuliwe Januari au Februari, moramu ikiwa imekauka. Rodi iliyopimwa Aprili, siku moja baada ya mvua, itatoa namba nzuri ambayo mwenye nyumba hatakuwa nayo Februari.